Kiti cha Mjane

Fundo la uzi lilikuwa limefungwa upande wa kushoto.

Lanus aliliona asubuhi ya siku ya tisa, alipopanda kigoda kubadilisha maua ya kikapu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuzungusha ule uzi mweupe kwenye nazi mbele ya kuhani, na alifunga kulia. Aliitikisa nazi kidogo. Maji yalikuwemo. Akairudisha rafuni, akashuka, akaketi mbele ya kazi yake asiiguse.

Kazi yenyewe ilikuwa kinyago cha Mjane, pepo mwenye meno ya nguruwe dume na ulimi wa kufika kiunoni, ambaye kijiji kizima kilimwogopa na kumtegemea. Magonjwa yakianza, Mjane huchezwa makaburini. Wanaume humrukia kwa majambia na majambia hayaingii, kwa sababu mwenyewe yumo. Lakini mbao ni mbao, huliwa na wadudu, na hakuna fundi atakayeukwangua uso mwenye uso akiwamo. Ndiyo maana Mangku Tegeh, kuhani wa hekalu, alimwomba Mjane ahame kwa muda, akae kwenye nazi ndani ya kikapu, nyumbani kwa Lanus, mpaka rangi ikauke. Nazi ndiyo ilikuwa kiti chake. Siku ya kumi na moja angerudishwa. Siku ya kumi na mbili Rundah, kaka yake Lanus, angekivaa kinyago na kusimama kifua wazi mbele ya majambia kumi na manane.

"Nani amegusa kikapu?" Lanus aliuliza walipokuwa wakila.

"Labda panya," alisema Kerti, mkewe.

"Panya anafunga fundo?"

Mama yao Lanus na Rundah, Bibi Ribek, alicheka kwa ufizi. "Panya wa siku hizi wamesoma."

"Mdogo wangu," Rundah alisema, mdomo umejaa wali, "umekaa na huyo Mjane siku tisa, sasa utaanza kukigombeza hata kivuli chako. Wewe nitengenezee meno tu. Mwaka jana yalinichuna shavu."

Lanus hakucheka. Uani walikuwa wanne, hapakuwa na wa tano. Alitazama mikono yao. Mama alikula kwa mkono wa kulia, Rundah vilevile. Kerti alikuwa akimenya embe, na kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto, kama kilivyokuwa siku zote za ndoa yao.

Hakumuuliza. Mwanamume akimuuliza mkewe swali kama hilo, amekwisha kumwita mchawi.

Jua lilipoanza kuzama alikuja Mangku Tegeh kutoka nyumba ya pili, kama kila jioni, mzee mpole wa kahawa isiyo na sukari, akawasha ubani chini ya rafu na kuketi nao. Mbwa aliyekuwa amelala ngazini aliinuka, akaingia chini ya ghala la mpunga, na huko akabaki akitetemeka. Kwanza ikaja harufu ya maua ya champaka, nzuri, kisha nyuma yake ikaja harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Na walipokuwa wameketi hivyo, kila mmoja akijifanya hasikii harufu, kitu kikaanza kukwaruza mwanzi polepole, kama kucha ndefu zinazohesabu vijiti vya ukuta mmoja mmoja bila haraka, na kabla ya kucha kufika mwisho likasikika cheko, zito, la kooni, refu kuliko pumzi ya binadamu yeyote, lisilotoka rafuni wala nje ya ukuta bali hapohapo kati yao, mahali walipokuwa wamekaa magoti kwa magoti.

"Nani amecheka?" Kerti alinong'ona.

"Nilidhani wewe," alisema Rundah.

Bibi Ribek alikuwa akizitazama nywele za mkwewe. "Kwetu mwanamke haachi nywele wazi magharibi."

"Nimetoka kuziosha, Mama."

"Kila jioni?"

Mangku alimaliza kahawa yake, akawatakia usiku mwema. Hakuna aliyemsindikiza hadi langoni.

Kesho yake, jua la utosi, Lanus alimfuata mkewe jikoni akafunga mlango. "Kerti. Kaka yangu atachomwa keshokutwa. Niambie."

Kerti alikuna kiganja chake. "Ilikuwa siku ya saba. Panya kweli. Kikapu kilianguka, nazi ikapasuka, maji yote chini. Niliogopa. Mama yako angesema nimeiangusha makusudi. Nikachukua nazi nyingine, nikafunga."

"Na ile iliyopasuka?"

"Ningeitupa? Kitu cha sadaka hakitupwi. Niliikuna. Nikatia kwenye mboga ya maharagwe."

Lanus alikaa chini. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo walivyolelewa wote: mungu akishakula chake, kinachobaki ni cha watu, na kukitupa ni kufuru. Lakini Mjane hakuwa amemaliza. Alikuwa bado ameketi.

"Tulikula sote," alisema.

"Sote. Mama aliongeza."

Wangenyamaza, hakuna ambaye angejua. Rundah angeingia makaburini na mbao tupu usoni, na jambia la kwanza lingeingia mpaka mpini. Wakisema, ukoo wao usingeshika tena kazi ya hekalu, labda hata mahali pa kuzikwa wangenyimwa. Lanus alikwenda kusema.

Mangku Tegeh hakukemea. "Amekula nanyi, amepanda kichwani kwa mmoja wenu," alisema. "Tutamtafuta. Akijulikana, atapungwa arudi kwenye kinyago." Jioni aliwaletea nazi changa nyumbani, akaiweka mbele ya kinyago, akaifukiza ubani bila kuigusa tena. "Maji yanamjua mwenyewe. Mtaishika kwa zamu. Yatakapochemka, ndiye."

Alimwita Rundah aishike kwanza. Rundah alifumba macho, akaomba kwa sauti awe yeye. Nazi ilikaa kimya.

Bibi Ribek akaishika huku akimkazia macho mkwewe. Kimya.

Kerti aliipokea kama mtu anayepokea hukumu, machozi yakimdondoka juu ya nazi yenyewe. Kimya.

Wote wakamgeukia Lanus. Naye alikuwa amekwisha kuamini kuwa ni yeye, kwamba zile siku zote alikuwa akiwachunguza wenziwe ili asijichunguze. Aliishika. Ilikuwa baridi, nzito, kimya kama jiwe la mtoni.

"Basi kuna mwingine aliyekula," alisema Mangku, akanyoosha mikono kuipokea.

"Hakuna mwingine," alisema Rundah. "Shemeji, kuna mwingine?"

"Nilipeleka sahani moja kwa jirani," alisema Kerti. "Mboga ilikuwa nyingi."

"Jirani gani?"

Hakuhitaji kusema. Nazi ilikuwa imefika mikononi mwa kuhani, na ndani yake maji yalikuwa yanavuma kama sufuria juu ya moto.

Mangku Tegeh aliisikiliza kwa makini. "Ilikuwa mboga nzuri," alisema hatimaye. "Hakuna wa kunipunga mimi. Nitakivaa mwenyewe. Akiuona uso wake, ataurudia."

Lanus alimtazama mdomoni, akijaribu kujua ni nani aliyesema maneno hayo. Lakini Rundah alikuwa amepiga magoti akilia kwa shukrani, na Lanus hakuuliza.

Usiku wa ngoma Mangku, mwenye miaka sabini na mbili, aliruka kuta za makaburi kama paka. Majambia kumi na manane yalimshukia kifuani, yakapinda kama majani ya mnazi, na waliomchoma wakaanguka chini wakigaragara. Watoto wagonjwa waliletwa wakapita chini ya mikono yake. Rundah alisimama pembeni, mzima, akipiga upatu.

Karibu na alfajiri wakamlaza, wakamvua kinyago. Bakuli la maji matakatifu lilikuwa tayari, maua yake yakielea. Lanus alilishika, akangoja mtu aanze maneno ya kumrudisha Mjane ndani ya mbao. Walioshika mienge walitazamana. Kwa miaka arobaini maneno hayo yalikuwa yamesemwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amelala mbele yao.

Lanus aliinama. "Baba Mangku," alinong'ona. "Tunasemaje? Nipe neno la kwanza tu."

Mzee alifumbua macho, akamtazama kwa upole mwingi, na pumzi yake ilinukia champaka na udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Nimeyasahau, mwanangu," alisema.