Sentimita Tatu

"Kaka, sijakuuliza habari za michezo," Mkasi alisema kwa mara ya tatu, na safari hii alitamka neno mojamoja kama anayemsomea barua mtu aliyesahau miwani. "Mimi sichezi. Nahariri video. Nakuuliza kitu kimoja tu: kadi hii ya grafiki inazifungua yenyewe video za kamera yangu, au inaiachia prosesa mzigo wote?"

Muuzaji hakumtazama. Alimtazama mwanamume mrefu aliyesimama ubavuni pa Mkasi, akamsogezea boksi lenye picha ya joka linalotema moto.

"Mzee, hii ndiyo yenyewe. Feni tatu, taa zinabadilika rangi. Ukimchukulia shemeji hii, hatakusumbua tena."

"Nani shemeji? Memori yake ni giga ngapi?"

"Nyingi," muuzaji alimjibu yule mwanamume.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la vifaa vya elektroniki, chumba chembamba chenye makabati ya vioo pande zote na foleni iliyotoka hadi kwenye ngazi. Mkasi alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya haradali na suruali ya jinzi, spika za masikioni zikining'inia shingoni, na joto lililompanda usoni halikuwa la msongamano. Alikuwa mhariri wa video kwa mwaka wa tisa sasa. Jina hilo la Mkasi alipewa studio kwa sababu ya kukata. Lakini dukani humo alionekana kama mzigo uliobebwa na mume.

Yule mwanamume alikohoa. Alikuwa na suruali ya kaki, shati la mikono iliyokunjwa, penseli nyuma ya sikio na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mimi huyu dada simjui," alisema taratibu. "Nimekuja kununua waya wa simu. Mimi seremala, kompyuta naijua kwa kuipangusa tu. Lakini swali lake nimelisikia mara tatu. Wewe mwenye duka hujalisikia hata mara moja?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Muuzaji akaligeuza boksi na kusaka jibu kwenye maandishi ya nyuma. Mkasi hakungoja. Alichukua mkoba wake, akatoka.

Kwenye ngazi akasikia viatu vikimfuata.

"Dada, hujaniaga."

"Kwani tulikuja pamoja?"

"Muuzaji anasema tumeoana. Naona aibu kukuacha ushuke ngazi peke yako."

Mkasi alitaka kuendelea kukasirika, ikamshinda. "Na waya wako?"

"Sinunui kwa mtu kiziwi."

Alimpa namba ya simu kabla hawajafika chini.

Hasira yake ya siku ile ilikuwa na sababu. Kwa miaka tisa alikuwa amehariri harusi za watu, matangazo ya sabuni na hotuba za mahafali, na kila kazi ilitoka na jina la mwenye studio mwishoni. Lake halikuwahi kutokea hata kwa herufi ndogo. Sasa chuo cha wakunga kilikuwa kimempa yeye, mkononi mwake, filamu ya mafunzo ya dakika arobaini: namna ya kumpokea mtoto anayetanguliza miguu. Mwisho wa filamu lingeandikwa jina lake. Lakini kazi hiyo alitakiwa kuifanyia nyumbani, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kadi ya grafiki kuukuu. Mkunga kwenye video akinyoosha mkono, mkono ulifika baada ya sekunde nne. Atafundishaje mtu kumshika mtoto kwa video inayokwama hivyo?

Kwa hiyo kadi alikuwa anaichagua kama mtu anayechagua daktari. Alikuwa na daftari. Aliwapigia wahariri wenzake, akaandika. Na kila alichoandika alimsimulia Seremala kwenye simu.

"Unafanya nini, Mkasi wangu?"

"Nasubiri."

"Unanisubiri mimi?"

"Kompyuta. Wewe ungekuwa umeshafika."

"Basi nije."

"Uje ufanye nini, uisukume?"

"Niisukume, nikusukume na wewe ukale. Tangu asubuhi hujala, nakusikia sauti."

"Sikiliza kwanza. Zile kadi kubwa ni za michezo, zinachora mazimwi haraka. Mimi nahitaji memori, na nahitaji kadi inayozielewa video za kamera yangu. Nimeipata. Ndogo, feni mbili, haina taa. Inaingia dukani baada ya wiki mbili. Umenielewa?"

"Enhe," Seremala alisema, na nyuma ya sauti yake msasa ukakwaruza ubao. "Una sauti nzuri ukieleza mambo."

Alicheka. Hakugundua kwamba hilo halikuwa jibu.

Huo ulikuwa mwezi wa nne wa mapenzi yao. Seremala alikuwa amemjengea rafu kwenye chumba cha kazi, akapewa ufunguo ili asiwe anagonga. Alikuwa mtu wa kupima. Aliupima ukuta, akaupima mlango, siku moja akampima Mkasi mwenyewe kwa futi kamba akiwa amelala kwenye kochi na kumwambia kochi limezidi. Mkasi alikuwa amemzoea kiasi cha kumkasirikia akichelewa kupiga simu kwa dakika kumi.

Siku chache baada ya simu ile, alasiri, Mkasi alirudi kutoka chuo cha wakunga akiwa na video mpya mkobani. Mlangoni alikaribishwa na harufu ya chuma kilichoungua.

Seremala alikuwa amesimama katikati ya chumba, miwani ya kazi kwenye paji la uso, akitabasamu hadi masikioni.

"Fumba macho."

"Nifumbe macho na nyumba inanuka moto?"

Kompyuta ilikuwa mezani, ubavu wake wazi. Ndani yake, limejikunja kama mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto, lilikuwa lidude lenye feni tatu. Boksi lenye joka lilikuwa sakafuni.

"Ilizidi sentimita tatu," Seremala alieleza. "Kuna kaukuta ka bati humo ndani kalikuwa kanaizuia. Nimekakata. Nimekapiga tupa pembeni, hakatakukwaruza."

"Umeikata kompyuta yangu."

"Kaukuta tu."

"Kwa grenda."

"Ile ndogo."

Mkasi aliinama. Chembe za chuma zilikuwa zimemwagika kila mahali, juu ya ubao wenye nyaya, juu ya prosesa, kwenye matundu ya memori, zinameta kama sukari.

"Umeiwasha?"

"Hapana, nilikuwa nakungoja uwashe mwenyewe."

"Afadhali. Ingekufa hapohapo, na video za wakunga zimo humo." Akanyooka. "Hii kadi nani aliichagua?"

Hapo tabasamu la Seremala lilianza kupungua. "Nilirudi kwa yule muuzaji. Akaniambia kwa kazi ya video hakuna zaidi ya hii."

"Yule."

"Ndiye niliyemjua, mpenzi. Nilitaka ushtuke."

"Nimeshtuka." Aliitoa miwani ya kazi usoni pa Seremala na kuiweka mezani, polepole. "Nimekueleza wiki nzima ninachotaka. Kwa jina, kwa urefu, kwa sababu. Ulikuwa unasema enhe. Kisha ukaenda kumuuliza mtu aliyekataa kunijibu mimi. Nikija karakana kwako nikute umetengeneza kabati la watu, nikachukua msumeno nikaukata mlango kwa sababu fundi bomba kaniambia ni mrefu, utasema nakupenda?"

"Nisingefurahi."

"Siku ile dukani kulikuwa na watu kumi na tano, na wewe peke yako ndiye uliyesikia swali langu. Ndiyo maana nilikupa namba. Sikukupa kwa ajili ya hiyo penseli." Akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Seremala aliutoa kwenye mnyororo wa funguo zake. Akaiondoa kadi kwa mikono miwili, akairudisha kwenye boksi lake, akaondoka nayo.

Mama yake Mkasi alipiga simu kesho yake, kabla ya chai.

"Wewe una akili sawasawa? Mwanaume kakuletea kitu cha maana, unamnyang'anya ufunguo?"

"Kaniletea nisichomuomba, mama. Na kanikatia kompyuta."

"Baba yako aliniletea cherehani bila kuniuliza. Nilimfukuza?"

"Hujui kushona, mama. Mpaka leo hujui."

"Ndiyo, lakini niliiweka sebuleni watu waione."

"Nani kakwambia habari hizi?"

"Usiniulize. Jipunguze hasira, mwanangu, utazeeka peke yako na hizo kamera zako."

Mkasi alikata simu na kurudi kwenye chembe za chuma. Aliziondoa kwa brashi laini na pampu ndogo ya hewa siku mbili nzima, akiirudia kila pembe, na kila chembe aliyoitoa ilimwongezea hasira. Akairudisha kadi yake kuukuu. Kompyuta ikawaka.

Kadi aliyoitaka ilikuwa bado haijaingia, na wakunga hawangoji. Akachukua likizo studio. Akafanya kama walivyofanya wahariri wa zamani wenye mashine dhaifu: akatengeneza nakala nyepesi za video zote, akakata na kuunga nakala hizo, mwisho akarudisha video nzito mahali pake na kuiacha mashine itoe filamu yenyewe. Ni kazi ya punda. Lakini mkono wa mkunga sasa ulifika kwa wakati, na mtoto alitoka miguu kwanza, salama, na mwishoni kabisa jina lake lilipanda kwenye skrini, jeupe juu ya weusi. Chuo kiliipokea siku mbili kabla ya tarehe.

Mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia ndiye aliyemfukuza. Hilo nalo lilimuudhi.

Seremala alikuwa amempigia simu kila siku kwa siku kumi bila kupokelewa. Ya kumi na moja Mkasi aliipokea.

"Nini?"

"Nina swali moja. Naweza kuja?"

"Njoo. Usibebe kitu."

Alifika Alhamisi mchana, mikono mitupu, shati jeupe lililopigwa pasi, nyusi hazina vumbi. Akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kochi.

"Nieleze ulitaka kadi gani, na kwa nini," alisema. "Sitanunua. Ile nimeirudisha, nimeshamalizana na yule muuzaji. Nataka kujua tu. Mara ya kwanza nilisikia sauti, maneno yakanipita."

Mkasi alitafuta mzaha usoni pake. Haukuwepo. Akachukua daftari, akamweleza. Robo saa nzima. Seremala hakusema enhe hata mara moja. Pale asipoelewa alimsimamisha. Mwisho akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Hii uliyoizungushia duara ina giga kumi na mbili. Wakunga wakikupa kazi ya pili, ukapiga kwa kamera mbili kwa pamoja, itatosha?"

Mkasi akavuta daftari karibu. Akahesabu. Akachukua kalamu, akaifuta ya giga kumi na mbili na kupigia mstari ya kumi na sita, chaguo lake la pili.

"Haitatosha," alikiri. "Umeuliza vizuri."

Seremala alishusha pumzi. "Kuna lingine. Bora nilimalize. Nilikuwa nimewapanga wazee wangu waje kwenu Jumamosi hii kukuposa. Mama yako anajua."

"Mama anajua?"

"Amepaka rangi sebule. Lakini usiwe na wasiwasi. Baada ya ile siku ya grenda niliona kosa ni lilelile. Nimewapigia, nimewaambia wasije."

Mkasi alisimama.

"Umewaambia wasije."

"Jana."

"Uliniuliza?"

"Kuhusu nini?"

"Kama nataka wasije."

Seremala aliinamisha macho kwenye daftari.

"Ulipanga kunioa bila kuniuliza," Mkasi alisema, na sauti yake ilikuwa ikipanda ngazi, "halafu ukaghairi kunioa bila kuniuliza. Wazee wanajua, mama anajua, mpaka fundi rangi anajua. Katika ndoa yote hii, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa na wakunga."

"Usinichekeshe, nimekasirika. Sasa niulize."

"Sasa hivi?"

"Ndiyo, mimi mwenyewe, si muuzaji."

Seremala aliinuka kochini. Alionekana mrefu zaidi katika chumba kile kidogo, na mwoga zaidi.

"Mkasi. Unataka kuolewa na mimi?"

"Nataka. Hata nilipokunyang'anya ufunguo nilikuwa nataka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko grenda yako."

Mkasi alimshika mikono, akamvuta, na kwa dakika nzima hawakugombana. Kisha Seremala akatafuta simu mfukoni.

"Ngoja nimpigie baba, niwapange upya."

"Usimpange mtu." Mkasi alikuwa tayari amefungua kabati. Alitoka na gauni la kijani, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheupe, akatia kitambulisho mkobani. "Ofisi ya msajili wa ndoa inafungwa saa kumi. Sasa ni saa tisa. Una kitambulisho?"

"Ninacho. Lakini wazee watasemaje?"

"Jumamosi waje, watakuta tumeshaandikisha. Watakunywa chai, watasifia rangi ya mama. Vaa viatu."

Walitembea barabara tatu kwa mwendo wa watu waliochelewa, yeye mbele, Seremala akiruka madimbwi nyuma yake na kuomba radhi kwa aliowakanyaga. Dirishani, karani mwenye miwani aliwasogezea fomu ya kutangaza nia ya ndoa bila kuinua macho. Mkasi aliisoma yote, mbele na nyuma, kisha akampa Seremala aijaze kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri wa mtu wa kuchora.

Alijaza majina na tarehe za kuzaliwa. Alipofika mstari wa makazi baada ya ndoa, kalamu ilishagusa karatasi. Akaiinua.

"Hapa tuandike wapi?"

"Wewe ungependa wapi?"

"Kwako. Karakana ina vumbi, na mashine yako haipendi vumbi."

"Andika kwangu."

Akaandika. Wakatia saini, Mkasi kwanza. Karani akagonga muhuri, akawaambia warudi na mashahidi siku ya kufunga ndoa, akaitia fomu kwenye faili na kufunga dirisha.