Maoni ya Mbeti wa Fedha

Mtoto alinyamaza katikati ya kilio, kama redio iliyochomolewa ukutani.

Nakhumicha alimtazama mapajani pake. Nekesa alikuwa amelia tangu chakula cha mchana. Alikataa kunyonya, akakataa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa ametulia tuli, kichwa amekiinua, anamtazama Kavinya mdomoni.

"Umeona?" Kavinya alicheka. "Mtoto mwenyewe amechagua. Mteja wetu anaitwa Mbeti."

Kavinya alikuwa jirani wa mlango wa pili, hapo mtaani Donholm, na alifanya kazi katika saiba, duka la kompyuta na intaneti. Hiyo ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini alikuja na kompyuta kwapani na mkate mkononi, amsaidie Nakhumicha kurekebisha tovuti yake. Nakhumicha alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa simu, mtoto akiwa amelala. Biashara aliiita Makao ya Pili. Watu wakisafiri wangemwachia mbwa au paka, naye angewatunza katika uwanja mdogo ulio nyuma ya nyumba. Mwenye ploti alimruhusu kuuzungushia waya, na mumewe, Simiyu, alipigilia misumari yote baada ya kutoka kiwandani, mgongo ukimuuma. Kilichokosekana kilikuwa mteja.

"Mama Nekesa, hii tovuti inaumiza macho," Kavinya alikuwa amesema alipoifungua. "Maandishi ya manjano juu ya nyekundu. Mtu atadhani ni bango la disko matanga. Na huyu mbwa umemvuta mpaka amekuwa mamba."

"Picha ilikataa kuenea."

"Na nambari ya simu umeificha huko chini kabisa. Kwani unawakimbia wateja?"

Walicheka. Kavinya alibadilisha rangi, akamrudishia mbwa umbo lake, akaipandisha nambari ya simu juu. Kisha akasema kwamba hakuna mtu atakayemwachia mgeni paka wake kabla ya kusoma wateja wengine wamesema nini.

"Lakini sina mteja hata mmoja."

"Tutamtunga. Kila mtu anafanya hivyo. Tafuta jina."

Wakaanza kutaja majina, mtoto akilia juu ya sauti zao. Jacklyne. Mtoto akalia. Triza wa Umoja. Akalia zaidi. Ndipo Kavinya akasema, "Mbeti. Mbeti wa mtaa wa Fedha," na mtoto akanyamaza.

Kavinya alikuwa Mkamba, hakujua. Kwao Nakhumicha, kule Bungoma, mtoto anayelia bila kukoma hupakatwa, na wazee humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Jina likimnyamazisha, basi aliyeitwa amekuja, na mtoto hupewa jina lake. Hivyo ndivyo Nekesa alivyopata lake. Na katika ukoo wao hapakuwa na marehemu aliyeitwa Mbeti.

Nakhumicha alitaka kusema hivyo. Lakini Kavinya alikuwa ameitoa siku yake ya kupumzika, akaleta hata mkate, na aliona haya kumharibia furaha. Kavinya akaandika:

"Walimtunza paka wangu kama mtoto wao. Niliporudi hakutaka kutoka. Nitakuja tena. Mbeti, Fedha."

Mtoto alicheka, peke yake, bila kuchezewa.

Kesho yake mchana simu ililia. Kwenye kioo hapakuwa na nambari.

"Ni Mbeti wa Fedha," sauti ya mwanamke ilisema. Ilikuwa kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. "Nilisema nitakuja tena. Namleta paka."

"Kavinya, wacha mchezo," Nakhumicha alisema, akicheka kidogo.

Simu ilikatika. Akampigia Kavinya kazini. Mashine ya kuchapisha ilikuwa ikinguruma nyuma yake, na wateja wakimwita.

"Mimi? Mama Nekesa, hapa sijapata hata nafasi ya kunywa chai."

Nakhumicha alikuwa bado ameshika simu aliposikia kitu kikiwekwa mlangoni, polepole, kama anavyofanya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Alifungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kiondo cha zamani, kikapu cha kusukwa, kimefunikwa kwa leso na kufungwa kwa kamba ya mkonge. Alipokiinua kilikuwa kizito, na ule uzito ulijigeuza ndani, ukatafuta mkao. Alikiingiza ndani kwa sababu mvua ilikuwa inaanza, na alimhurumia mnyama.

Alifungua fundo. Ndani mlikuwa na harufu ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Hamkuwa na paka. Palikuwa na shimo tu katika matambara, la duara, na alipoligusa lilikuwa na joto.

Tangu hapo nyumba haikuwa yao peke yao. Nakhumicha alisikia ulimi ukilamba jikoni, na alipokwenda kutazama alikuta utando wa maziwa umepasuka ndani ya sufuria. Alisikia kucha chini ya kitanda cha mtoto. Mtoto ndiye aliyemtia hofu zaidi. Nekesa alianza kutazama juu ya bega la mama yake, kimo cha mtu mzima, na kulitabasamia lile lililokuwa pale.

Simiyu hakuamini alipoambiwa. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, asiyependa maneno ya kutisha ndani ya nyumba. Jioni alimweka mtoto sakafuni juu ya blanketi na kumwita kwa upendo, "Nekesa. Nekesa wa baba."

Mtoto hakugeuka. Alimwita tena, akapiga makofi, akatikisa funguo.

"Labda masikio," Simiyu alisema. "Nitaomba ruhusa kazini tumpeleke kliniki."

"Mwite lile jina lingine," Nakhumicha alinong'ona.

"Sitaki."

"Mara moja tu, Baba Nekesa. Nisije nikawa nimerukwa na akili."

Simiyu alilamba midomo. "Mbeti," alisema, kwa sauti ambayo hata panya asingeisikia.

Mtoto aligeuka. Akamnyooshea mikono, anacheka. Simiyu hakumnyanyua mara moja, na Nakhumicha aliona jinsi kutomnyanyua kulivyomuumiza. Kisha akamnyanyua, akamkumbatia.

Walimwita Kavinya. Alikuja na kompyuta, akasikiliza yote amesimama, na hakufanya mzaha. Aliyafuta maoni, akaifungua tovuti upya kwenye simu ya Nakhumicha ili wahakikishe.

Maoni yalikuwapo.

"Umeandika wewe?" Simiyu aliuliza.

"Naapa, shemeji. Naapa kwa mama yangu."

Maneno yalikuwa yamebadilika: "Walimtunza paka wangu kama mtoto wao. Nami nitamtunza mtoto wao kama paka wangu. Nakuja kumchukua. Mbeti, Fedha."

Kavinya alianza kulia. "Mimi ndiye niliyemtaja," alisema, na Nakhumicha alimshika bega.

Simiyu alimpigia nyanya yake, aliyeishi Makadara. Wote walimwita Kukhu. Ndiye aliyemtajia mtoto majina siku ile alipozaliwa. Kukhu alisikiliza, akauliza swali moja tu, kama mtoto bado analia. Nakhumicha alimtazama mtoto. Hakuwa amelia tangu kiondo kiingie.

"Nakuja kesho mapema," Kukhu alisema. "Msimwache peke yake."

Lakini kesho yake mvua ilimchelewesha Kukhu, na Simiyu akatoka na mwavuli kumpokea stendi. Stima ikapotea, taa zikazimika. Ilikuwa bado mchana, lakini mawingu yalikuwa meusi na nyumba ikaingia giza la kijivu. Nakhumicha alimlaza mtoto, akaketi kando yake, na hangeondoka kamwe kama asingesikia jikoni sauti ya Simiyu, sauti yake kabisa, iliyochoka, ikimwita aje ampokee nyanya mzigo.

Aliinuka. Alifika jikoni, akaona hakuna mtu, mlango umefungwa kwa komeo, na kabla hajageuka alisikia kutoka chumbani mwanamke akiimba ule wimbo wa kubembeleza ambao yeye mwenyewe humwimbia Nekesa, akiuimba vizuri, bila haraka, kwa sauti ya ndani ya mtungi, na Nakhumicha akakimbia zile hatua chache ambazo sasa zilikuwa kama barabara nzima, akausukuma mlango, akamwona mtoto wake ambaye hajajua hata kutambaa amesimama wima kitandani, mikono juu, nyayo zikianza kuachana na godoro kwa upole kama mtoto anayenyanyuliwa na mtu anayempenda, na harufu ya nywele zilizoungua ikiwa nzito mpaka machozi yakamtoka. Alimrukia, akamshika kiuno, akavuta. Mtoto alikuwa mwepesi kama kiondo kitupu.

"Nekesa," alilia. "Nekesa, Nekesa."

"Nekesa," sauti yake mwenyewe ilimjibu kutoka dirishani, ikijifunza.

Mlango wa mbele ulifunguka. Simiyu aliingia amelowa, na nyuma yake Kukhu, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na viatu vya plastiki. Uzito ulirudi ghafla mikononi mwa Nakhumicha, naye akaanguka chini na mtoto kifuani.

Kukhu hakushangaa. Alivua viatu, akavipanga kando ya mlango, akaketi sakafuni karibu na kiondo.

"Hakujileta," alisema. "Mlimwita, tena mbele ya mtoto anayelia. Huko alikokuwa hakuwa na jina. Mkampa jina, mkampa mtaa, mkampa na paka. Nani angekataa?"

"Atamchukua?" Simiyu aliuliza.

"Anajiona ana haki. Lazima aambiwe ukweli, na aliyesema uongo ndiye aseme. Lakini kwanza nipeni mtoto."

Alimpakata Nekesa na kuanza kutaja majina ya ukoo, polepole, watu waliozikwa zamani, akimwita kila mmoja kama aliye chumba cha pili. Nakhumicha alimtazama mtoto usoni, akiogopa kupumua. Jina baada ya jina, uso ule haukubadilika. Kukhu alipofika kwa dada yake mwenyewe sauti ilimkatika kidogo. "Nekesa," alisema. "Dada yangu, njoo umshike mtoto wako."

Mtoto alikunja uso. Akafungua mdomo, akalia kilio kikubwa cha njaa, na Simiyu akaketi chini na kufunika macho.

"Sasa wewe," Kukhu alimwambia Nakhumicha. "Kiambie kiondo ukweli, kisha funga mdomo. Usimuage. Usimwambie neno lolote zuri. Nakujua, mke wa mjukuu wangu. Usimhurumie."

Nakhumicha alipiga magoti mbele ya kiondo. "Hatujawahi kupata mteja," alisema. "Jina lako tulilitunga. Hatukumtunza paka wako. Hukuwahi kuja hapa, na mtoto wangu si wako."

Kitu kilipumua ndani ya matambara, kirefu, kama mtu aliyeambiwa arudi nyumbani ilhali hana nyumba. Nakhumicha alinyoosha mkono kukigusa, akaurudisha.

Kukhu alifunga leso, akaweka kiondo kichwani, akatoka kwenye mvua kwenda nacho mtoni. Simiyu alimfuata na mwavuli. Nakhumicha aliwasindikiza hadi langoni, mtoto mgongoni, kama alivyolelewa kumsindikiza kila atokaye nyumbani kwake. Akakitazama kiondo kikienda, kimelowa, hakina mtu. Na mdomo wake ukasema wenyewe, kwa sauti ya chini, lile ambalo ulikuwa umemwambia kila mgeni maisha yake yote.

"Karibu tena."

Mvua ilikuwa kubwa. Kukhu hakusikia. Nakhumicha alijiambia kwamba hakuna aliyesikia.

Maoni yalifutika siku hiyo hiyo na hayakurudi. Mtoto aligeuka kila alipoitwa. Nakhumicha na Kavinya waliiandika tovuti upya, na safari hii kweli tupu: "Sisi ni wapya. Bado hatujapata mteja. Njoo uone uwanja wetu mwenyewe." Waliweka picha ya Simiyu akigongomea waya, nyundo mkononi, amekunja uso. Watu waliipenda picha hiyo, na mmoja akapiga simu. Aliitwa Matheka, dereva wa lori, mzee mpole aliyemuaga mbwa wake kwa kumshika masikio yote mawili. Mbwa aliitwa Bosco. Alikula vizuri na kucheza na Nekesa uwanjani, ila nyumbani hakukubali kuingia hata mvua iliponyesha. Alilala langoni, pua ameielekeza dirisha la chumba cha mtoto. Nakhumicha alidhani ni haya.

Matheka alimchukua mbwa wake akiwa na furaha. Baadaye, Nakhumicha akikunja nguo za mtoto sebuleni, simu ililia kumwambia kwamba tovuti imepata maoni mapya, ya kwanza ya kweli. Alifuta mikono kwenye leso kabla ya kuyafungua.

"Bosco amerudi mzima na amenenepa. Mama Nekesa ana roho safi. Mshukuruni pia yule mama mwembamba niliyemkuta dirishani nilipokuja kumchukua mbwa, alikuwa amembeba mtoto akimwimbia. Nilimsalimia. Akasema alikaribishwa tena, na safari hii atakaa. Matheka, Donholm."

Siku ile Nakhumicha alikuwa uwanjani akimwogesha mbwa. Nekesa alikuwa amelala chumbani, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Aliiweka simu chini. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona mgongo mdogo wa mtoto, ameketi kitandani, ameelekea dirishani.

"Nekesa," aliita.

Mtoto hakugeuka. Aliinua mikono yote miwili juu, kwa mtu. Na jikoni ulimi ukaanza kulamba maziwa.