Mafundo ya Uzi wa Njano

Mvua za kwanza ziliponyesha, mtaa mzima ulikumbuka jambo moja kwa pamoja: mwavuli wa nyumbani ulivunjika tangu mwaka jana. Watu wakachungulia uvunguni mwa vitanda, wakapekua nyuma ya makabati, wakapanga foleni mbele ya chumba cha fundi miavuli.

Miezi yote ya jua fundi huyo hukaa mlangoni akipiga miayo na kugombana na inzi. Mvua ikianza hana hata nafasi ya kujikuna pua. Mkewe naye huandikisha wagonjwa katika zahanati, na huko mvua huleta vikohozi, mafua na watu wanaosukumana. Alikuwa akirudi jioni sauti imemkauka, anavua viatu mlangoni na kusema, "Mtu asiniulize kitu mpaka ninywe maji."

Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila mtu alimwita Kachero, tangu siku alipochunguza ni nani aliyekuwa akimaliza sukari ya nyumbani kwa kuilamba, na kumkamata baba yake mwenyewe akiwa na kijiko mdomoni. Shule zilikuwa zimefungwa, basi msimu huo Kachero alifagia maji yaliyoingia chumbani, aliinjika maharage, alibandika chai, na juu ya yote hayo alishika kazi ya nyuzi.

Kazi ya nyuzi haikuwa mchezo. Karatasi zikilowa, wino huchuruzika, kwa hiyo fundi hakuandika majina. Kila siku ya juma ilikuwa na kopo lake na rangi yake ya uzi: Jumanne njano, Jumatano kijani, na kadhalika. Mteja akileta mwavuli, Kachero alikata vipande viwili vya uzi na kupiga mafundo kulingana na zamu ya mteja huyo siku hiyo. Fundo kubwa lilihesabiwa tano, fundo dogo moja. Kipande kimoja kilifungwa kwenye mpini wa mwavuli, cha pili alipewa mteja mwenyewe. Akirudi, rangi na mafundo vikilingana, anachukua mwavuli wake na kwenda zake. Hivyo hata miavuli myeusi mia ingelala chumbani humo bila kuchanganyika.

Jumanne jioni baba yake alimwambia, "Uzi wa kijani unaelekea kuisha. Kesho pitia dukani kabla hatujafungua."

"Ndiyo, baba."

Asubuhi yake Kachero alitoka kwenda dukani, akakutana na rafiki yake wa nyumba ya pili. Huyo aliitwa Redio, kwa sababu alitangaza habari tangu anapoamka hadi anapolala, bila matangazo ya biashara. Walipomaliza kuongea, foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Kachero alirudi mbio mikono mitupu. Kabla ya saa sita uzi wa kijani ukaisha kabisa. Watu saba walikuwa wakingoja, mmoja anakohoa, mwingine anamimina maji kutoka kwenye kiatu. Kachero alitazama huku na huku, akatumbukiza mkono katika kopo la njano. Jana imeshapita, alijiambia. Nani atajali?

Alimfungia mteja wa mwisho uzi huo, na papo hapo akaingia shangazi yake.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu, viatu vya mpira miguuni na gunia jembamba refu begani. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi za watu: jikoni, shambani, kiwandani, tena jikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimekuja kuwasaidia, sikuja kuamkiwa. Maharage yenu yanaungua."

Kweli yalikuwa yanaungua. Kachero alikimbilia jikoni, na habari ya uzi ikamtoka kichwani.

Alhamisi mambo yalianza kwenda mrama. Mzee mmoja mwenye kofia alikuja na uzi wake, akapewa mwavuli, akaufungua, akaufunga. "Fundi, huu si wangu. Wangu niliuleta jana ukiwa mzima kila mahali isipokuwa ubavu mmoja. Huu una viraka kama suruali ya mchoma mkaa."

Fundi alitafuta juu na chini. Hakuuona. Shangazi alichukua uzi wa yule mzee, akauangalia kwa muda, halafu akamgeukia Kachero.

"Mwanangu, Jumatano ni uzi wa rangi gani?"

"Kijani," Kachero alijibu upesi. "Kila mtu anajua."

"Ahaa," alisema Shangazi. Ile ahaa yake ilimkera Kachero kama punje ya mchanga jichoni. Kwa nini mgeni aulize habari za nyuzi?

Alasiri ya siku hiyo, saa kumi kamili, Shangazi alibeba gunia lake, akatoka mvuani. Gunia lilikuwa na kitu kirefu ndani. Alirudi baada ya saa mbili, viatu vimejaa tope.

"Ulikwenda wapi, shangazi?"

"Kutembea."

"Kwenye mvua yote hii?"

"Ngozi yangu si sukari," alisema Shangazi, akacheka peke yake.

Usingizi wa Kachero uliishia hapo. Alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu akaandika kwamba miavuli imeanza kupotea mara tu Shangazi alipofika. Kwamba anatoka na gunia. Kwamba anauliza maswali yasiyomhusu. Na kwamba akiulizwa yeye, anacheka. Alipiga mstari chini ya neno "anacheka" mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Ijumaa akaja Mkunga. Huyo mama alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, Kachero mwenyewe akiwamo, na hakuna aliyethubutu kumpandishia sauti. Alitoa uzi wake, akaletewa mwavuli, akautazama kana kwamba ameletewa mtoto wa watu wengine.

"Wangu una mpini wa mbao wenye kichwa cha bata, Fundi. Marehemu mume wangu aliuchonga kwa mkono wake. Hata ukinipa miavuli kumi mipya sitaki. Nataka bata wangu."

"Nitautafuta, Mama Mkunga."

"Utafute. Kesho jioni nitapita."

Fundi alikaa juu ya kigoda kama aliyekatwa miguu. Shangazi alimsogelea Kachero, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Huna neno la kuniambia, mwanangu?"

"Mimi? Sina," alijibu Kachero, na moyoni akasema: anajifanya kunihoji, kumbe mwenyewe ndiye! Saa kumi Shangazi akatoka tena na gunia. Kachero alikimbilia kwa Redio na daftari lake.

Redio alisoma, macho yakamtoka. "Mimi nilishamshuku zamani! Gunia refu vile, la nini? Mtu mwema hubeba kikapu."

"Lakini usimwambie mtu."

"Mimi? Mdomo wangu ni kaburi."

Kaburi hilo lilifunguka kabla ya chakula cha jioni. Jumamosi asubuhi foleni nzima ilikuwa ikinong'ona. Shangazi aliponyoosha mkono kupokea mwavuli wa mama mmoja, yule mama aliukumbatia kifuani. "Huu nitampa fundi mwenyewe, asante." Wengine wakafanya vivyo hivyo. Shangazi hakugomba. Alikunja mikono yake mikubwa, akaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi.

Mchana Kachero aliwasikia wazazi wake jikoni. Baba alikuwa akisema polepole, "Wateja wamekataa kumkabidhi vitu vyao. Nifanyeje? Kesho nitamwomba arudi kwake."

"Dada yako?" mama aliuliza kwa ile sauti yake iliyokauka. "Aliyekulea?"

Alichosikia Kachero baada ya hapo ni kijiko cha baba kikikoroga chai.

Kachero alipaswa kufurahi. Kesi yake ilikuwa imeshinda. Badala yake alilisoma daftari lake upya. Akajiambia kwamba kinachokosekana ni ushahidi wa macho tu, na saa kumi ilipofika akamfuata Shangazi, akijibanza ukuta hadi ukuta.

Shangazi alipita mitaa miwili, akagonga mlango wa kinyozi. Kachero alijificha nyuma ya pipa la maji. Kinyozi alitoka. Shangazi akachomoa mwavuli kutoka kwenye gunia, na kinyozi akauangalia kwa furaha.

"Ndio wenyewe! Niliuleta Jumanne." Aliingia ndani, akarudi na mwavuli mwingine. Mpini wake ulikuwa na kichwa cha bata. "Nilijua huu si wangu, mama, lakini ni mzuri mno. Nikanyamaza." Alicheka kwa aibu. "Ila mafundo yalilingana. Kosa si langu peke yangu."

Shangazi alishika mipini yote miwili pamoja. Kwenye kila mmoja ulining'inia uzi wa njano. Kila uzi ulikuwa na mafundo makubwa mawili na madogo matatu.

Kachero alihisi kama amemwagiwa pipa zima. Jumanne, zamu ya kumi na tatu: uzi wa njano. Jumatano, zamu ya kumi na tatu: uzi wa njano pia, kwa mkono wake mwenyewe. Watu saba wa Jumanne na watu saba wa Jumatano walikuwa wametoka na nyuzi pacha. Kumbe mwizi aliyekuwa akimsaka siku tatu hakuwapo kabisa. Kilichokuwapo ni yeye, na kopo.

"Kachero," Shangazi alisema bila kugeuka, "pipa hilo linavuja. Utalowa."

Alitoka polepole. "Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi. Yule mzee alisema ameleta mwavuli jana, na uzi wake ni wa juzi. Nikaanza kugonga milango. Nimebwekewa na mbwa, nimefukuzwa na bata wa kweli. Mitano nimeirudisha, huu ni wa sita."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nilitaka umwambie wewe. Nimekuuliza mara mbili."

"Lakini watu wanakuita mwizi!" Sauti ya Kachero ilikatika. "Na baba... kesho baba anataka kukurudisha kwako."

Hilo Shangazi hakuwa amelisikia. Alifuta maji usoni, kisha akamkabidhi mwavuli wenye bata. "Shika. Mkunga utampa wewe. Utakachomwambia ni juu yako."

Waliporudi, chumba cha fundi kilikuwa kimejaa. Mkunga alikuwa amesimama katikati, na Redio mlangoni, masikio wazi. Macho yote yalitua kwenye gunia la Shangazi.

"Si tulisema?" mtu alinong'ona.

"Dada," fundi alianza kwa shida, "mwavuli huu mmeutoa wapi?"

Kachero alijua kwamba angeweza kusema wameuokota tu, na mambo yangeishia hapo. Mkunga angepata bata wake. Kesho Shangazi angeondoka na gunia lake.

"Ni mimi, baba," alisema. "Jumatano sikununua uzi wa kijani. Nilisimama kuongea. Ulipoisha nikatumia wa njano, nikanyamaza. Miavuli ikachanganyika. Shangazi amekuwa akizunguka kwenye mvua kuirudisha. Na habari za wizi, nilizianzisha mimi."

Akaonyesha uzi uliokuwa kwenye mpini. Kila mtu aliutazama. Yule mama aliyekumbatia mwavuli wake alianza kusoma dari.

Fundi alisimama. Alimtazama binti yake, kisha dada yake, na kwa dada yake ndiko macho yalikokaa zaidi. "Dada, nisamehe. Nilisikiliza foleni, sikukuuliza wewe."

"Foleni ilikuwa karibu zaidi," alisema Shangazi, na tabasamu lake likarudi kidogo.

Kachero alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, shangazi."

"Inuka, sakafu imelowa. Nguo hizo nitafua mimi?"

Mkunga alipokea mwavuli wake, akampapasa bata kichwani. "Binti," alisema, "mimi usiku mmoja huwa na wazazi watatu. Nikikosa pamba, nasema pamba hakuna. Nikinyamaza kwa kuogopa aibu, mtu anaumia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya," Shangazi alidakia. "Bado mmoja wa saba."

Wa saba walikwenda kuutafuta Kachero na Redio. Kila mlango waliogonga, mpaka wakaupata, Redio alilazimika kutangaza kwamba habari yake ya jana ilikuwa ya uongo. Alidai ndiyo taarifa ya habari ngumu kuliko zote alizowahi kusoma.

Jioni familia nzima ilikaa kugawana kazi upya. Fundi alikubali kwamba alimtwika mtoto mmoja kazi za watu watatu. Jiko likachukuliwa na Shangazi, maji ya sakafuni na baba, na mama akaambiwa akirudi kutoka zahanati asiguse kitu ila kikombe. Kachero alibaki na nyuzi zake tu. Alichana ule ukurasa wa daftari, akautia jikoni chini ya maharage.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuwa kubwa kuliko zote, na foleni ikakunja kona. Katikati ya msukosuko huo Kachero alisimama juu ya kigoda, akapaza sauti hadi barabarani:

"Baba! Uzi wa bluu unaisha! Nimesahau kununua!"

Watu wakaangua kicheko. Baba alimtuma Redio dukani mbio, na foleni ikangoja dakika tano bila mtu yeyote kufa.

Shangazi alitokeza jikoni, mwiko mkononi. "Umeona, mwanangu? Wakati wa pilikapilika kila mtu hupungukiwa na kitu. Sema umepungukiwa nini kingali kidogo, na watu watakusaidia. Ukikificha, utaanza kutafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa hakosekani. Anaweza kuwa yule yule anayekuoshea sufuria."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nenda kazini. Na leo maharage hayaungui."