Simu Iliyotaka Uso Wangu

Jioni ile mama alinituma kwa shemeji nikachukue nguo za marehemu mdogo wangu. Nguo tu, basi.

Tulimwita Kidoti. Alikuwa mpambaji wa maharusi, na tulifanana kiasi kwamba wateja wake walinisimamisha mimi barabarani. Mumewe alisema aliteleza bafuni. Daktari akasema inawezekana. Mimi nilinyamaza, lakini moyo haukunyamaza.

Nilikuta mlango wazi. Sebuleni shemeji alikuwa amekaa na fundi simu wa mtaa wa pili. Kati yao, juu ya meza, simu ya Kidoti. Wanaijadili kama mbuzi mnadani.

"Ndogo, inaenea kiganjani," shemeji alisema. "Unaiendesha kwa kidole gumba tu. Na kamera yake, ndugu yangu, inaona hata gizani."

"Kamera sikatai," fundi alijibu. "Kioo safi, mwili imara. Ila hizi ndogo chaji haikai. Halafu mbona ya moto hivi? Si ulisema ilikuwa imezimwa?"

"Ilizimwa. Iko kabatini tangu mazishi."

Damu ilinichemka. Kidoti aliipenda simu ile kwa sababu aliishika mkono mmoja, brashi mkono wa pili. Kila siku alilalamika kwamba inamwishia chaji kabla bibi harusi hajavaa shela. Udongo wa kaburi lake haujakauka, na huyu anainadi!

"Karibu, shemeji," alisema bila haya. "Umekuja wakati mzuri. Imefungwa kwa uso. Hebu itazame kidogo..."

"Niitazame ili uiuze?"

"Mnafanana. Itafunguka."

"Una wazimu wewe."

Akanisogelea. Akaninong'oneza fundi asisikie:

"Mganga kasema ifunguliwe na uso wa damu yake, kisha ichukuliwe na mtu baki. Kidoti ataondoka nayo. Nakuomba, shemeji... silali."

Kumbe haikuwa tamaa tu. Alitaka kumtwika mtu asiyejua lolote mzimu wa mdogo wangu, na uso wangu ndio uwe ufunguo! Nilitamani kumzaba kofi.

"Kwa nini hulali? Ulimfanya nini?"

Akarudi mezani.

Nje jua lilishazama, na hakuna aliyewasha taa. Fundi aliinua simu, akaigeuza akague mgongo wake. Kioo kikaelekea korido tupu.

Tik.

Ikafunguka.

Koridoni hapakuwa na mtu.

Nikasikia harufu ya poda ya Kidoti. Chini yake, harufu ya maji yaliyotuama...

Fundi aliigeuza tena, tukaona picha. Shemeji amelala. Shemeji amelala ubavu. Shemeji amelala mdomo wazi, picha imepigwa karibu sana, kana kwamba mpigaji amemwinamia. Zilipigwa gizani, lakini unyoya wa nyusi ungeuona. Tarehe zake zote ni za baada ya mazishi.

"Kamera nzuri kweli," fundi alisema.

Kisha kamera ikajiwasha yenyewe. Kiooni tukaona korido. Mlango wa bafu. Na sakafuni, nyayo za maji.

Nikainua macho. Sakafu kavu.

Nikatazama kioo. Nyayo zilikuwa zimefika kwenye zulia.

Fundi alinitupia simu kama kaa la moto akatoka mbio. Viatu aliviacha mlangoni.

"Ichukue," shemeji alilia. "Nenda naye. Ni mdogo wako!"

"Ni mkeo," nikasema. "Kaa naye."

Nikamtia simu mkononi, nikamkunja vidole kimoja kimoja mpaka akaishika. Nikabeba mfuko wa nguo uliokuwa kando ya kochi, nikatoka, nikavuta mlango. Nilimsikia akisema kwa sauti ya mtoto: "Nisamehe... nisamehe..." Halafu bomba la bafuni likafunguliwa.

Sikurudi.

Shemeji yu hai. Hakuwahi kusema alichofanya, na mimi sina ushahidi. Huzunguka duka hadi duka, macho mekundu, akiomba kuchaji simu. Kamera ikiwa imewaka, anasema, angalau anamwona alipo. Ikizima, hajui. Nayo haikai na chaji.

Watu wanamhurumia. Mimi, hapana.

Ila tangu jioni ile, simu yangu mwenyewe hainitambui. Naielekezea uso inakataa, naandika namba. Mama anasema labda kioo kina uchafu. Nimekifuta mara nyingi. Bado nina hasira, wala sijutii kilichotokea. Lakini siku hizi hasira hiyo inanipanda hata nikiwa nimetulia, nacheka na watu, sina habari na shemeji...

Na sina hakika kama ni yangu peke yangu.