Vidole Viwili kwenye Kihenge

Enzi za Wadachi, mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Dodoma, Dorkasi aliamka kuangalia mbegu. Mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa Mvumi. Aliingia chumba cha ndani cha tembe lake, akagonga kihenge cha mtama. Kikalia kitupu mpaka katikati.

"Nimeibiwa," alisema.

Kihenge kilizibwa tangu mavuno kwa udongo na samadi. Udongo ukiwa bado mbichi, kila mtu wa nyumba ile alibonyeza kidole gumba. Ndiyo ilikuwa desturi ya Dorkasi: ukibonyeza, umeahidi hutagusa mbegu. Sasa upande mmoja udongo ulikuwa umebomolewa na kuzibwa tena. Na hapo hapo palikuwa na alama ya kidole chenye kovu la mundu. Kidole cha Anyesi, mke wa mwanawe Sila.

Anyesi alikuwa amerudi jana tu kutoka kwa wazazi wake. Alikaa huko siku nane.

"Umewapelekea wazazi wako mbegu zangu," Dorkasi alimwambia. "Funga nguo zako. Sila atakurudisha kwenu, na ng'ombe wetu wa mahari warudi."

"Mama, sikugusa."

"Kidole chako kinasema."

Mzee Methusela, mume wa Dorkasi, alikuwa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Hakuinua kichwa.

Dorkasi alimwita jirani yake Mwamvua awe shahidi. Mwamvua alikuwa mfinyanzi, mtu wa Kondoa.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo chake cha kuungaunga.

"Mbukwa. Njoo uone mwizi alivyojitaja."

Dorkasi akanyoosha kidole kwenye alama. Mwamvua akamdaka mkono.

"Usiguse, mwenzangu. Ukigusa, tutakuta wezi watatu."

"Watatu? Mwizi ni mmoja."

Mwamvua alichukua kijinga cha moto, akakishika ubavuni mwa kihenge. Mwanga wa pembeni ukaamsha vivuli kwenye kila mstari.

"Hapa vidole ni viwili, vimepandana. Tazama ufa huu. Umepita katikati ya kovu la Anyesi. Maana yake Anyesi alibonyeza kwanza, halafu udongo ukakauka, ukapasuka. Sasa ufuate. Unafika wapi?"

Dorkasi aliufuata kwa macho. "Unaishia kwenye hiki kidole kingine."

"Hauishii, umefunikwa. Hiki kilibonyezwa kwenye udongo mpya, ufa ukiwa tayari upo. Cha juu ndicho cha mwisho."

"Cha lini?"

Mwamvua alichokonoa ukingo wa kiraka kwa mwiba, mbali na alama. Ndani bado palikuwa na unyevu.

"Udongo wa unene huu naukausha kivulini kila mwezi. Siku nne, tano, umekauka. Saa sikutajii. Lakini kiraka hiki hakina siku nane."

Anyesi akaketi chini. Fundo la nguo zake aliliweka kando.

"Tena," Mwamvua aliendelea, "hiki cha juu hakina mistari katikati. Mwenyewe aliwahi kupondwa kidole."

Mlangoni, sauti ya kuchonga ilikoma. Kidole gumba cha Methusela kilipondwa na taruma, chuma kizito cha kulazia reli, alipokuwa kibarua wa njia ya gari la moshi. Nyumba nzima ilijua.

"Msihangaike," alisema. "Ni changu. Watoto wa dada yangu Ruthu, kule Msalato, walilala njaa siku tatu. Nikaogopa kukwambia, mke wangu; nikachota, nikaziba, nikabonyeza kwa mazoea. Kwako mbegu ni mbegu, haziguswi."

"Na nilipomfukuza mtoto wa watu?"

"Nilidhani hasira zako zitapoa."

"Zangu zingepoa," Dorkasi alisema. "Yeye angekuwa njiani."

Alifungua mwenyewe fundo la nguo za Anyesi. Alizirudisha mahali pake moja moja, bila kumtazama usoni. Alipomaliza akasema, "Nilitazama alama moja nikaacha nyingine. Nisamehe, mwanangu."

Mvua ziliponyesha walipanda mbegu zilizobaki, kwa nafasi pana. Ruthu alikuja na wanawe kulima nao. Mtama uliwatosha, kwa shida.

Mavuno yale, kihenge kilizibwa kwa namna mpya. Kila kidole kilipewa mahali pake, visipandane. Anayetaka kufungua aliwaita wote kwanza, na akishaziba alibonyeza mbele yao.

Anyesi alibonyeza wa kwanza. Methusela akaja na kidole chake kilichopondwa. Dorkasi akamsogeza mkono.

"Kule," alisema. "Mbali na cha mtoto."