Gonga Mara Mbili

Ndugu zangu, nyumba ya Bwana Nukta haikuwa na kasoro ya kutangaziwa watu. Alasiri moja ya Jumapili mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa barazani akichambua mboga. Binti yao wa miaka sita alikuwa chini, akichora nyumba sakafuni kwa chaki. Mwenye nyumba alikuwa amekunja suruali hadi magotini akipiga deki sebule, maana alikuwa mume wa kusaidia kazi, na hilo tumsifu kabla hatujamsema. Mara simu ikatetemeka mezani. Tambara la deki likaachwa lilipo, na sebule ikabaki nusu mbichi, nusu kavu, mpaka jioni.

Nukta halikuwa jina la wazazi wake. Alikuwa fundi wa kompyuta, hodari kwelikweli, mwenye chumba cha kazi kilichojaa skrini na waya, na vitu vilivyoshindikana kwingine vilifufukia kwake. Jina hilo alilipatia katika kundi la simu lililoitwa Baraza la Mafundi, lenye watu mia nne na ushee, wapenzi wa mitambo wa kila aina. Humo mtu akikosea hata nukta, yeye ndiye wa kwanza kumkamata. Na hakukamata kwa upole. Alianza hivi: "Samahani mtaalamu, naomba nikusumbue kidogo na ukweli." Au: "Swali zuri, ila ungeliuliza usingizini lingependeza zaidi." Watu walicheka. Na kicheko cha watu ni kama sukari kwenye chai, aliyezoea vijiko viwili hawezi kurudi kwenye kimoja.

Jumapili hiyo walikuwa wakibishana kama simu ichajiwe mpaka asilimia themanini au themanini na tano. Ubishi ulikuwa na siku tatu. Nukta alileta michoro, akaleta hesabu, akamwita mwenzake profesa wa darasa la awali. Katikati ya pigo la mwisho simu yake ikazimika kwa kuishiwa chaji, akakimbilia waya huku mguu mmoja ukiteleza kwenye maji ya deki.

Mkewe alimtazama mpaka alipokaa.

"Umeshinda?"

"Nimewanyamazisha wote."

"Hata sisi," mkewe akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Nukta alisikia, lakini hakusikiliza.

Sasa niwaambie habari za baba yake, kwa sababu hapo ndipo kisu kilipogonga mfupa. Mzee huyo alikuwa fundi redio mstaafu, mjane, akiishi kwa binti yake mkubwa aliye muuguzi, upande wa pili wa mji, safari ya basi moja tu. Ndiye aliyemfundisha Nukta kazi. Alimpandisha kwenye stuli akiwa na miaka saba, akamshika mkono kwa mkono wake, akamwonyesha jinsi ya kuyeyusha risasi ya kuunganishia waya bila kuunguza kidole. Redio yao kubwa ya mbao ilipoanza kukoroma, mzee aliigonga ubavuni mara mbili, ko, ko, sauti ikarudi, naye akamnong'oneza mtoto: "Mtangazaji alisinzia. Tumemwamsha." Mtoto aliamini hivyo kwa miaka miwili mizima.

Masikio ya mzee yalikuwa yamemtupa mkono. Akipiga simu, Nukta alilazimika kupaza sauti mbele ya wateja, na mzee alijibu maswali ambayo hakuulizwa. Fundi aliona aibu. Akawa na neno lake moja, "Nitakupigia baadaye, baba," na baadaye hiyo haikuwa na tarehe. Mwisho mzee akaacha kupiga.

Wiki chache baadaye katika Baraza la Mafundi akaingia mwanachama mpya aliyejiita Mjifunzaji. Alisalimia vizuri, akauliza swali la redio lililonyooka, lisilo na kosa. Nukta alilisoma akalipita, hakukuwa na cha kung'ata. La pili vilevile, na la tatu. Siku ya nne Mjifunzaji akaandika kwamba kapasita, kile kijidude cha kuhifadhi umeme ndani ya redio, huzaa umeme chenyewe usiku na mchana.

Dakika mbili hazikupita. "Hongera, mvumbuzi," Nukta akajibu. "Funga mia moja juu ya paa, umulike mji." Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli, akaeleza mistari minne jinsi kapasita inavyofanya kazi.

Mjifunzaji akashukuru. Kesho yake akaja na jingine, kwamba waya mwembamba hupitisha umeme mwingi kuliko mnene, kwa kuwa umeme ukibanwa huenda kasi. Akachekwa, akaelezwa, akashukuru. Ikawa hivyo mwezi mzima. Kila siku kosa moja na kejeli moja, na baada yake shukrani. Watu walisubiri kama wanaosubiri vichekesho. Wewe unayesoma huenda umeshamtambua huyu mwanafunzi. Nukta, mwenye macho ya kuona kosa dogo kama unywele kwenye maandishi ya mtu, hakumtambua.

Ndipo siku moja Mjifunzaji akaandika: "Redio ikikoroma, igonge ubavuni mara mbili. Mtangazaji huwa amesinzia."

Jamani, maneno hayo yalikuwa ufunguo, na mwenye mlango aliutazama akaona chuma tu. Siku hiyo Nukta alikuwa ametoka kugombana na mteja, na kundi lilikuwa limejaa. Akaandika: "Aliyekufundisha kazi hii alikula ada yako bure. Kama bado yu hai, mwambie aone haya."

Nyuso za kicheko zikamiminika, arobaini na kitu. Baada ya muda likaja jibu fupi.

"Yu hai. Nitamfikishia."

Chini yake simu ikaonyesha kwamba Mjifunzaji ametoka kwenye kundi. Nukta akatabasamu, akarudi kwenye kazi yake. Kwa siku mbili tatu alijikuta akifungua simu kulitafuta kosa la siku, asilione, akahisi amepungukiwa na kitu asichokijua.

Siku ya sita dada yake aliingia pale kazini akiwa bado na sare ya uuguzi. Hakukaa. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu palikuwa na mteja.

"Mdogo wangu, umemwandikia nini baba?"

Nukta akasema hajamwandikia baba chochote, wala hawajazungumza yapata miezi miwili. Dada yake akatoa simu ya mzee mfukoni, akaiweka mezani kati ya bisibisi na makasha matupu ya kompyuta. Ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa mwenye simu. Jina lilikuwa Mjifunzaji.

Mteja alisema baadaye kwamba fundi alikaa chini kwenye sakafu, siyo kwenye stuli.

Dada yake akamweleza yote: ni yeye aliyemwingiza mzee kundini ili amsome mwanawe. Mzee amefunga vifaa vyake ndani ya boksi, ameandika juu yake "vya kutupa". Hatoki chumbani. Na lililomleta ni hili: mzee alikuwa amekubali kwenda hospitali kuwekewa kifaa cha kusikia, siku imepangwa, ni kesho kutwa, na nafasi hiyo ikipotea foleni ni ya mwaka. Sasa hataki. Ameulizwa sababu, amejibu maneno mawili tu.

"Anasema, 'Nisikie nini?'"

Nukta alifunga kazi mchana kweupe. Njiani kwenye basi alisoma tena kila alichoandika mwezi mzima, mara hii akimwona anayeandikiwa. Kila neno lilikuwa sahihi. Hakukuta kosa hata moja katika hoja zake, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Alimkuta mzee amekaa kitandani, mgongo kwa mlango. Hodi hakuisikia. Pembeni ya mto palikuwa na daftari la shule, na Nukta, kabla hajajua la kufanya, akaliona limefunguka, akalipekua. Mzee alikuwa amenakili humo majibu yote, kwa tarehe, kejeli na yote, kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia. Mwanzoni mwa daftari alikuwa ameandika: "Siku tatu nimeuliza vizuri, kimya. Leo nimekosea makusudi, amejibu upesi." Na chini ya kila jibu palikuwa na mstari mmoja. "Leo ameandika mistari sita." "Leo ana hasira, sijui amekula?" "Leo amejibu mapema. Yu mzima, alhamdulillahi."

Chini ya jibu la mwisho hapakuwa na kitu.

Nukta akalia, kama alivyolia akiwa na miaka saba alipoungua kidole. Akazunguka akapiga magoti mbele ya baba yake. Mzee akashtuka, kisha akajaribu kulificha daftari chini ya mto. Nukta akamzuia taratibu, akachukua penseli, na kwenye ule mstari mtupu akaandika: "Leo mwanao amekuja. Ameona haya yeye. Nisamehe, baba."

Mzee alivaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Nilijua unajua kazi," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nilikuwa najivunia, hata uliponicheka. Nilisema, huyu nimemfundisha mimi. Ila siku ile uliniuliza kama nipo hai, nikaona kumbe hata mimi sijui."

Nukta alikilaza kichwa kwenye magoti ya mzee, na mkono wa mzee ukatua juu yake.

Jioni hiyo aliandika katika Baraza la Mafundi: "Aliyenifundisha kazi hii yu hai. Ndiye Mjifunzaji. Mimi ndiye ninayepaswa kuona haya." Wengi walinyamaza. Wachache waliomba radhi. Mmoja akauliza kwa dhihaka kama mzee sasa ameielewa kapasita. Vidole vya Nukta vilimwasha, tusidanganyane, alikuwa na jibu la kumzika yule mtu. Akaizima simu, akaenda kupiga deki sebule, safari hii mpaka mwisho. Mkewe akamletea tambara kavu, wakapangusa pamoja, na binti yao akapata sakafu safi ya kuchorea.

Kesho kutwa yake mzee alikubali kwenda hospitali, na Nukta, mkewe na binti yao wakamsindikiza, dada akiwatangulia. Kifaa kikawekwa. Mzee alisikia kwanza viatu vya watu koridoni, kisha mjukuu wake akihesabu vigae, akaomba asimame kidogo, asikilize tu.

Walirudi kwa dada, Nukta akalifungua lile boksi, akafuta maandishi ya juu, akatoa vifaa kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Mzee akagusa sikio lake, akasema kwa uzito wa mwalimu kwamba kifaa hiki lazima kina kapasita kubwa, ndiyo maana kinazaa sauti.

"Ndiyo, baba," akasema Nukta.

Mzee akamkazia macho. "Kosa lote hilo umeliacha lipite? Unaumwa?"

Nyumba nzima ikacheka, Nukta akiwa wa kwanza. Kisha wakaiwasha redio ya zamani ya mbao. Ikapumua, ikakoroma. Mzee akamtazama mwanawe. Nukta akanyoosha mkono, akaigonga ubavuni mara mbili, ko, ko, na muziki ukaja.

"Mtangazaji alisinzia," mzee akamnong'oneza mjukuu wake.

"Hapana, baba," akasema Nukta. "Nilisinzia mimi."

Hilo ndilo kosa pekee alilolisahihisha siku hiyo.

FUNZO

Ndugu zangu, kusahihisha si dhambi, na ujuzi si wa kufichwa uvunguni. Lakini nyuma ya kila jina la kundini kuna mtu amekaa mahali, pengine kitandani, pengine na daftari, anaandika herufi moja moja. Unaweza kuwa sahihi katika kila neno na bado ukamkosea mtu. Kabla hujamsoma mwenzako kwa kutafuta kosa lake, msome kwa kumtafuta yeye mwenyewe. Na kama una mzazi uliyemwahidi "baadaye", funga ukurasa huu sasa umpigie, hata kama itabidi upaze sauti mbele za watu.