Maua ya Nyota na Njia ya Mbuzi

Kabla hakujapambazuka, kibuyu kiligongwa kwenye mlango wa makuti: ko, ko, ko. Kadii aliijua sauti hiyo gizani. Alikuwa Kaltuma, binti wa wafugaji wa Kiorma waliokaa nyuma ya mashamba, ameleta maziwa ya mdogo wake Kadii.

"Wewe nalala kama kiboko," Kaltuma alimtania kwa Kiswahili cha kwao. "Jua nakuja, wewe bado."

"Kiboko halali usiku. Anakula mpunga wetu," Kadii alijibu huku akipokea kibuyu. Akampa bakuli la mchele, kama walivyozoea mama zao kubadilishana. Wakacheka, kila mmoja akaenda zake.

Mwaka ule wa 1956, Mwalimu Nehemiah alipata pakiti ndogo ya mbegu za maua mekundu yenye umbo la nyota.

"Maua haya hayapandwi kila mwaka," aliwaambia wanafunzi. "Yakishika, yanadumu, na vipepeo huyafuata. Kadii, wewe mtoto wa mkulima, nakuachia kitalu kilicho mbele ya darasa. Lakini sikiliza. Mbegu hizi ni laini kama ugoro. Zinyunyize juu ya udongo tu, usizifukie. Zinataka mwanga."

Kadii alicheka moyoni. Mbegu gani isiyofukiwa? Mafuriko ya Tana yakipungua, baba yake hutoboa ardhi kwa mti uliochongwa, akatia mahindi chini kabisa yafuate unyevu. Mwalimu ni mtu wa vitabu, atajua nini? Akatoboa mashimo ya shubiri moja, akagawa mbegu humo, akashindilia udongo kwa kisigino. Kila jioni alimwagilia maji.

Wiki tatu zilipita. Hakikuota kitu.

"Kadii, umepanda maua au umepanda mchanga?" James alimcheka mbele ya darasa zima. "Vipepeo wamechoka kungoja!"

Mwalimu alipokuja kuuliza, Kadii alikuwa bado anawaka uso. Neno likamtoka.

"Mbuzi wa Kaltuma waliyala yalipochomoza tu, Mwalimu. Niliwaona."

Neno lile halikuishia darasani. Lilifika kwa Mzee Chande, mkuu wa kijiji, na wakulima wengi walikuwa tayari na hasira juu ya mifugo. Kesho yake waliiziba malka kwa miiba. Malka ni ile njia inayokatiza mashambani, ambayo mifugo hupitia kwenda mtoni kunywa maji. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Sasa mbuzi wa kina Kaltuma iliwabidi wazunguke nusu siku nzima.

Alfajiri iliyofuata kibuyu hakikugongwa. Wala ya pili, wala ya tatu. Mtoto alilia, akapewa uji mwembamba, akautema.

Siku ya nne, Kadii na mama yake, Lydia, walikutana njiani na Barwako, mama yake Kaltuma. Kaltuma alikuwa nyuma yake.

"Watoto wa mbuzi saba," Barwako alisema. "Kiu. Wote nakufa."

Kaltuma alimtazama Kadii. "Wewe naona mbuzi yangu nakula maua? Naona kwa macho yako?"

Kadii aliangalia vidole vyake vya miguu.

Mama alimshika Kadii mkono, wakaenda moja kwa moja shuleni. Alipiga magoti kwenye kitalu, akachimbua shimo moja kwa kidole. Chini kabisa alikuta donge la mbegu zilizooza, limeota ukungu.

"Mbuzi gani huyu," aliuliza taratibu, "anayekula maua, halafu mbegu zinabaki chini?"

Kadii alianza kulia. "Mwalimu atanichapa, mama."

"Labda. Hata akikuchapa, wale saba hawarudi." Mama alimfuta machozi kwa pindo la kanga. "Kukosea kupanda si aibu, mwanangu. Mimi nilijifunza kusoma jioni, wewe ukiwa mgongoni, na kila jioni nilikosea. Aibu ni kumtwika rafiki kosa lako. Uongo ulitoka kinywani mwako, na ukweli utatoka humohumo. Siwezi kukusemea."

Aliikunjua pakiti tupu iliyokuwa imechomekwa kwenye kijiti kando ya kitalu. Katika mkunjo wake zilikuwa zimesalia mbegu chache mno, kama vumbi.

"Hizi utazinyunyiza juu. Lakini kwanza twende malka."

Walimkuta Mzee Chande pale kwenye miiba, pamoja na Mwalimu Nehemiah na wakulima wengine. Ng'ambo ya pili Barwako na Kaltuma walisimama na mbuzi waliobaki, ndimi nje.

"Mzee, mwanangu ana neno juu ya mbuzi hawa," mama alisema.

"Na aliseme," Mzee Chande alijibu. "Kama mbuzi hawana kosa, miiba hii naiondoa sasa hivi kwa mikono yangu."

Kadii aliuachia mkono wa mama yake, akasogea hadi kwenye miiba, akamtazama Kaltuma usoni.

"Mbuzi wa Kaltuma hawakula kitu, nilidanganya."